Printa ya wino inachapa mistari au imepoteza rangi: mwongozo kamili wa kuirekebisha

Printa nyingi za wino zinazopelekwa kwa fundi huwa zimeshasafishwa hedi, yaani kichwa chenye matundu kinachonyunyizia wino kwenye karatasi, mara nyingi mno kabla hazijafika. Njano imepotea, mwenye mashine anabofya kusafisha. Haijarudi, anabofya tena. Jioni wino wa tanki umeshuka vibaya na njano bado haionekani. Wino huo umeenda kwenye sponji iliyo ndani, chini ya mashine, na sponji hiyo ikihesabiwa kuwa imejaa, printa inagoma kuchapa kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kutazama, kisha ndipo unafika kwenye kusafisha.

Mifano mingi nitaitoa kwenye Epson za matanki, yaani L3110, L3210, L3250 na ndugu zake, kwa sababu ndizo zinazobeba kazi kwenye stesheneri nyingi na ndizo ambazo hedi yake ikifa gharama inauma. Canon na HP nitazigusa pale zinapotofautiana nazo.

Kwanza, kosa liko wapi?

Kama printa yako ina skana, weka karatasi yenye picha ya rangi kwenye kioo na utoe fotokopi ya rangi bila kutumia kompyuta. Hakikisha umebonyeza kitufe cha rangi, maana L3110 ina vitufe viwili vya kopi na kile cha nyeusi hakitatoa rangi hata mashine iwe mpya. Kopi ikitoka na rangi zote, hedi na wino havina tatizo. Shida iko kwenye kompyuta au simu. Fungua mipangilio ya kuchapa na uangalie kama kisanduku cha "Grayscale" kimewekewa alama, kwa sababu mtu mmoja akikiweka ili kubana wino, kazi zote zinazofuata zinaweza kutoka bila rangi. Angalia pia kama umechagua ubora wa "Draft". Huo unatoa maandishi yaliyofifia na picha zenye michirizi kwa makusudi, ili kuokoa wino na muda.

Aina ya karatasi nayo inadanganya wengi. Ukiweka karatasi ya picha inayong'aa huku kompyuta ikidhani ni karatasi ya kawaida, printa inamwaga wino kwa hesabu isiyo sahihi. Rangi zinakuwa zimepauka, au wino unakaa juu bila kukauka. Karatasi ya picha ina upande mmoja tu unaopokea wino, na kwenye Epson za kulishia nyuma upande huo unakutazama wewe. Na kama uko Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, karatasi iliyoachwa wazi nje ya pakiti hunyonya unyevu wa hewa ya pwani, kisha herufi zinatoka na kingo zenye manyoya. Jaribu na karatasi ya pakiti mpya kabla hujailaumu printa.

Ikiwa kopi ina mstari mmoja mrefu usiokatika, lakini kazi kutoka kwenye kompyuta ni safi, futa kioo cha skana. Hedi haihusiki.

Ukurasa wa majaribio

Sasa chapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino. Kwenye L3110 na L3210, zima mashine, kisha shikilia kitufe cha kusimamisha kazi huku ukibonyeza cha kuwasha. Ukurasa utatoka wenyewe. Kwa kompyuta, fungua mipangilio ya printa, nenda "Maintenance" na uchague "Nozzle Check". Kama sehemu hiyo haionekani, huenda Windows imeweka draiva (programu inayoiunganisha kompyuta na printa) yake ya jumla badala ya ile kamili ya kampuni. Pakua draiva kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa printa.

Utaona ngazi za vistari vifupi, kila rangi na kundi lake: nyeusi, samawati, majenta (ile ambayo wengi wanaiita pinki) na njano. L3110 ina matundu 180 ya nyeusi na 59 kwa kila rangi nyingine, na kila kistari kinakuonyesha kama tundu lake linatoa wino. Kistari kisichoonekana maana yake tundu hilo limeziba au halipati wino.

Njano ndiyo inayowapiga watu chenga, kwa sababu kwenye karatasi nyeupe haionekani vizuri. Ingia chumba chenye giza kidogo, fungua kwenye simu picha iliyojaa bluu tupu, ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho na umulike karatasi. Njano inameza mwanga wa bluu, hivyo vistari vyake vitaonekana vyeusi na utavihesabu bila kubahatisha.

Andika tarehe kwenye ukurasa huo na uutunze. Kila baada ya hatua utachapa mwingine na kuulinganisha na wa kwanza. Unachotakiwa kujua ni kama mapengo yanapungua, yanabaki palepale, au yanahamahama.

Mapengo machache yanayobaki mahali palepale kila unapochapa ni matundu yaliyoziba kwa wino mkavu. Mapengo yanayohama, leo hapa kesho pale, mara nyingi ni hewa iliyoingia kwenye mfumo. Rangi nzima ikikosekana, jiulize kwanza kama wino unafika kwenye hedi. Rangi inayoanza vizuri juu ya ukurasa kisha ikafifia kuelekea chini nayo ni dalili ya wino kutofika kwa kasi inayotakiwa. Na vistari vikiwa vyote kamili huku picha bado ina michirizi au mistari ya wima imevunjika, usisafishe kitu: fanya mpangilio wa hedi kwenye hiyo hiyo sehemu ya "Maintenance".

Wateja hawaleti ukurasa wa majaribio, wanaleta picha iliyoharibika. Kwa kuitazama tu unaweza kubashiri rangi iliyokosekana. Picha ya pasipoti yenye nyuma ya bluu ikitoka na nyuma ya pinki, samawati haipo. Sura ya mtu ikawa na kijanikijani kama mgonjwa, majenta imepotea. Sura ikielekea zambarau na majani ya miti yakawa bluu, njano ndiyo haifanyi kazi. Nyekundu hutengenezwa kwa majenta na njano, kijani kwa samawati na njano, bluu iliyokolea kwa samawati na majenta. Ukiyakumbuka hayo matatu, huhitaji jedwali.

Je, wino unafika?

Tazama matanki kwa macho, usitegemee kiwango kinachoonyeshwa kwenye kompyuta. Kwenye printa nyingi za matanki kiwango hicho ni makadirio tu, hakuna kitu ndani ya tanki kinachopima. Wino ukishuka chini ya mstari wa chini, hewa inaingia kwenye mirija na kuirudisha hali ni kazi ngumu kuliko kununua chupa mapema. Epson za mwanzo za matanki, kama L210 na L800, zina kifungio cha usafirishaji pembeni ya matanki. Printa ikihamishwa ofisi na mtu akasahau kukirudisha kwenye hali ya kuchapa, wino haushuki hata ufanye nini.

Fungua kifuniko cha juu na umulike mirija myembamba inayoelekea kwenye hedi. Sehemu tupu ndefu ndani ya mrija ni hewa. Vipovu vidogo hapa na pale havina madhara makubwa, ila mrija ulio mtupu nusu nzima hautatengemaa kwa usafishaji wa kawaida.

Kusafisha hedi, kwa kiasi

Kama ukurasa unaonyesha mapengo na wino upo, safisha hedi mara moja. Kwenye L3110 shikilia kitufe cha kusimamisha kwa sekunde 5 hadi taa ya umeme ianze kuwakawaka, kisha kiachie. Ikimaliza, chapa ukurasa wa majaribio. Rudia ikiwa kuna nafuu. Mwisho ni mara 3.

Baada ya mara 3 bila mafanikio, zima printa kwa kitufe chake na uiache bila kuchapa kwa muda usiopungua saa 12. Huu ni ushauri wa Epson wenyewe, na ndio ambao watu hawaufuati kwa sababu mteja amesimama mlangoni. Lakini muda huo unafanya kazi: wino mbichi unalainisha mkavu, na vipovu vya hewa vinatulia. Nimeona mashine nyingi zikiamka asubuhi na vistari vyote bila mtu kuzigusa.

Kama bado, kuna "Power Cleaning" kwenye kompyuta. Hii inabadilisha wino wote ulio kwenye mirija, kwa hiyo kila tanki liwe na wino angalau theluthi moja kabla ya kuanza. Ukiifanya wino ukiwa chini ya hapo unaweza kuvuta hewa na kuharibu zaidi. Baada yake subiri tena saa 12. Ni silaha nzito, nayo inajaza sponji haraka. Kwa pengo la vistari viwili vitatu siitumii kabisa.

Kwa mapengo madogo kuna njia ninayoipenda zaidi kuliko usafishaji wa mashine. Fungua programu yoyote ya kuandika au kuchora, jaza ukurasa mzima wa A4 kwa rangi moja tupu ile inayosumbua, njano tupu kwa mfano, na uchape kurasa tatu au nne kwa ubora wa juu. Wino unaotumika ni wa rangi hiyo moja tu, unaishia kwenye karatasi badala ya kwenye sponji, na unaona kwa macho mistari ikijifunga ukurasa baada ya ukurasa. Sharti ni moja: rangi hiyo iwe inatoka walau kidogo. Kama haitoki kabisa, njia hii haifai.

Kofia ya hedi: mahali penye siri nyingi

Printa ikizimwa vizuri, hedi inaegeshwa upande wa kulia juu ya kofia ndogo yenye kingo za mpira na sponji ndani. Kofia hiyo inafanya kazi mbili: inaziba matundu yasikauke, na wakati wa kusafisha pampu inavuta wino kupitia humo. Mpira wake ukiwa na wino ulioganda au unywele, haukai sawasawa, pampu inavuta hewa badala ya wino, na unaweza kusafisha mara 20 bila tone kupita. Mashine ambayo kila usafishaji unaifanya kuwa mbaya zaidi, mimi naanzia hapo.

Ili kuifikia, anza kuchapa kitu, na hedi ikiwa katikati chomoa waya wa umeme. Sasa hedi inasogea kwa mkono, polepole. Isukume kushoto. Utaiona kofia kulia, na kando yake kipande chembamba cha mpira kinachofuta hedi.

Tafuta maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari. Soma lebo vizuri hapa: kwenye maduka ya vipuri maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, na asidi itaunguza mashine na vidole vyako. Maji ya bomba au ya kisima usitumie, hasa ya pwani yenye chumvi. Yakikauka yanaacha mabaki ndani ya matundu. Lowesha kitambaa laini kisichotoa nyuzi, futa kingo za mpira wa kofia na kile kifutio hadi vitoke safi. Kisha weka matone ya maji hayo ndani ya kofia hadi ijae bila kumwagika, na uyaache kwa dakika 10.

Futa maji ya zamani kwa tishu, weka mengine mapya, rudisha hedi mahali pake, washa na ufanye usafishaji mmoja. Baada ya hapo chomoa tena katikati ya kazi na uchungulie. Maji yakiwa yameondoka, pampu inavuta. Yakiwa bado yamejaa, pampu au mrija wa chini umeziba, na hiyo ndiyo sababu hedi haisafishiki. Hapo ni kazi ya kufungua mashine.

Kuloweka hedi

Kofia ikiwa nzima na pampu inavuta lakini rangi bado imegoma, loweka hedi. Kunja tishu nzito au kitambaa kiwe kipande chembamba, kinyunyizie maji ya kusafishia hedi yanayouzwa madukani, au maji yale yaliyosafishwa kwa mvuke, kiwe kimelowa bila kuchuruzika. Kiweke chini ya njia ya hedi na usogeze hedi ikae juu yake. Acha usiku kucha, printa ikiwa imechomolewa. Asubuhi toa kitambaa, washa, safisha mara moja, chapa ukurasa.

Kitambaa chenyewe kitakupa taarifa. Ukiona alama za rangi tatu na ya nne haipo, rangi hiyo ndiyo imeziba kwelikweli.

Kuna watu wanaoondoa kiunganishi cha mrija na kusukuma maji ndani ya hedi kwa bomba la sindano. Inawezekana, lakini shinikizo likizidi linapasua sehemu nyembamba za ndani na rangi zinaanza kuingiliana. Kama hujawahi kumwona mtu akiifanya, usiianzie kwenye mashine inayokulisha. Na kwa njia yoyote ile, tone lisifike kwenye waya bapa ulioungwa na hedi. Maji hapo, umeme ukiwashwa, yanaweza kuua hedi na ubao mkuu kwa pamoja.

Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, petroli na thina viache mbali. Vinayeyusha gundi na mpira.

HP na Canon

Hedi ya Epson inasukuma wino kwa vipande vinavyojikunja vikipata umeme. HP na Canon zinauchemsha wino kwa kipashajoto kidogo sana hadi kipovu kiusukume nje, na wino huohuo ndio unaopoza kipashajoto. Ukilazimisha kuchapa rangi ikiwa imeisha, kinaungua, na hakuna kuloweka kutakakokirudisha. Kwa hiyo mwenye HP au Canon asisubiri wino ukauke kabisa.

HP DeskJet ndogo zina hedi kwenye katriji yenyewe (kile kikasha cha wino kinachotolewa na kubadilishwa), jambo linalorahisisha kazi. Toa katriji ya rangi, bonyeza uso wake wenye matundu kwenye tishu iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu kwa sekunde chache. Ikiwa nzima itaacha mistari mitatu ya rangi. Ikiacha miwili, rudia mara chache. Futa pia vituo vya shaba kwa kitambaa kikavu. Ikishindikana, nunua katriji nyingine, printa yako haijafa.

Canon za G zenye matanki zina hedi mbili zinazotoka, ya nyeusi na ya rangi, na unaweza kubadilisha moja. Usafishaji wa kina ukishindwa, Canon wanashauri kuzima na kusubiri saa 24 kabla ya kurudia. Kumbuka pia kwamba kwenye G2010 na G3010 nyeusi ni wino wa chembechembe (pigment) na rangi ni wino wa kuyeyuka (dye). Ukichagua karatasi ya picha, mashine hutengeneza nyeusi kwa kuchanganya rangi nyingine, hivyo nyeusi iliyoharibika kwenye picha huku maandishi yakiwa mazuri si kosa la tanki la nyeusi.

Wino wenyewe

Wino wa bei rahisi wa lita si lazima uwe mbaya, lakini kuchanganya aina mbili ndani ya tanki moja ni kujitafutia. Wino wa kuyeyuka, wa chembechembe na ule wa kuhamishia picha kwenye fulana na vikombe ni vitu vitatu tofauti. Vikikutana vinaweza kuganda ndani ya mrija. Mashine iliyowekwa kwa fulana ibaki ya fulana. Kwa L3110 wino wake unaouzwa Afrika ni namba 103, chupa ya mililita 65. Soma namba na tarehe ya mwisho kabla hujalipa, na ukatae chupa ambayo muhuri wake wa ndani umeguswa.

Ukikosea tanki, ukaweka majenta kwenye njano, usichape wala kusafisha hata mara moja. Wino uliokosewa ukiwa bado tankini, unavutwa kwa bomba la sindano na tanki kusuuzwa. Ukishaingia kwenye mirija na hedi, utapoteza wino mwingi kuutoa.

Umeme

Zima printa kwa kitufe chake, subiri hedi iegeshwe, ndipo uzime swichi ya ukutani. Anayezima ukutani moja kwa moja anaiacha hedi wazi katikati ya njia, na wino unakauka usiku huohuo. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha katikati ya kazi, ukirudi iwashe printa mara moja hata kama huna cha kuchapa, ili hedi irudi kwenye kofia yake. Kama kuna kazi chache, chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote nne angalau mara moja kwa wiki. Funika mashine na kitambaa jioni. Vumbi ni adui, hasa maeneo makavu kama Dodoma.

Ukifika kwa fundi

Taa za L3110 zikiwakawaka kwa kupokezana na mashine ikakataa kila kitu, hesabu ya sponji ya wino taka huenda imefika mwisho. Kuna programu za kuirudisha hesabu hiyo sifuri, na mafundi wengi wanaishia hapo. Sponji bado imelowa. Siku moja wino utatoka chini ya mashine na kuingia kwenye meza, au kwenye kifaa cha umeme. Mwambie fundi afungue, aoshe au abadilishe sponji, ndipo afute hesabu, na umwombe akuonyeshe aliyoitoa.

Chukua kurasa zako za majaribio zote zenye tarehe, mwambie ni wino gani umetumia, umesafisha mara ngapi na kama pampu ilivuta maji. Fundi atakayezitazama kwa makini kabla ya kushika bisibisi ndiye wa kumwachia mashine. Akitaja hedi mpya bila kukagua kofia na pampu, omba akague kwanza, kwa sababu bei ya hedi ya Epson inaweza kukaribia bei ya printa nyingine.